Chupa iliyojaa maji imeiacha tupu njiani, sasa shule tulifundishwa nini?

mdadisi_sugu

Wakuu habari za muda huu. Naomba mnitoe tongotongo maana hili jambo limenikosesha raha siku mbili. Shuleni tuliambiwa vitu vyote vinaanguka kwa mwendo mmoja, kizito na chepesi, ukiviachia pamoja vinafika pamoja. Ticha akatuonyesha palepale darasani, akaachia jiwe na kifutio kutoka usawa wa meza na kweli vikagonga chini pa! mara moja, nikaamini, nikajibu hivyo kwenye mtihani na nikapata.

Juzi nikasema ngoja nijaribu mwenyewe. Nikachukua chupa za plastiki za lita moja na nusu, zinafanana kila kitu, moja nikaijaza maji hadi mdomoni nyingine tupu, vifuniko nikafunga zote. Nikapanda ghorofa ya tatu, mdogo wangu yuko chini pembeni kabisa anarekodi na simu (tulihakikisha hakuna mtu anayepita, msije mkaanza). Nikaziachia kwa pamoja. Iliyojaa ikafika chini ikapasuka huku tupu bado inakuja inajigeuzageuza hewani kama vile haina haraka. Tumerudia mpaka tumeua chupa nne na kila mara ni vilevile. Alafu kutoka mezani nikijaribu zinafika pamoja, sioni tofauti hata kidogo.

Najua mtaniambia hewa. Sawa, hewa. Lakini hapo ndo ninapokwama, chupa ni saizi moja na umbo moja, kwaiyo hewa inayozipinga si ni ileile? Kama inazipinga sawa basi zingechelewa sawa na zingefika pamoja. Sasa mwongo nani hapa, ticha, hewa au mimi?

kamanda_wa_kona

Rahisi tu mkuu, kizito kinavutwa na dunia zaidi ndo maana kinawahi. Ticha alikuwa anasoma kitabu tu.

kimyakimya

Mi nahisi ni ile hewa iliyobaki ndani ya chupa tupu, inaifanya ielee kama boya.

bi_mahesabu

Kamanda umepatia nusu, na hiyo nusu ndo inayopoteza watu wengi. Ni kweli dunia inaivuta chupa iliyojaa kwa nguvu zaidi, ukiishika tu mkono unakwambia. Ila kitu kizito pia ni kigumu kukitoa mahali pake. Kama chupa moja ina uzito mara arobaini ya mwenzake basi inavutwa mara arobaini, na inahitaji kuvutwa mara arobaini ili ipate kasi ileile. Zinafutana zenyewe kwa zenyewe. Ndo maana pasipo na hewa vitu vyote vinaongeza kasi sawasawa, kila sekunde inayopita inaongezeka mita 9.8 kwa sekunde, iwe msumari au meli. Kwaiyo mvutano peke yake haujibu swali la mdadisi.

Kimyakimya, lita moja na nusu ya hewa ina uzito kama gramu 1.8 hivi, na hewa ya nje ambayo chupa imeisukuma ili ikae pale ni karibu hizohizo gramu 1.8, kwaiyo kinachoongezwa na hewa ya ndani kinaondolewa na ueleaji. Sio hiyo.

Sasa mdadisi, wewe ulishafika mlangoni ukakosa tu kusukuma. Umesema hewa inazipinga sawa, na ni kweli kabisa! Zikiwa kwenye kasi moja na zimekaa mkao mmoja, hewa inazisukuma kwenda juu kwa nguvu ileile, haijui kama ndani kuna maji au hamna. Kosa ni pale uliporuka kutoka "nguvu sawa" ukatua kwenye "kuchelewa sawa". Kofi lilelile ukipiga mpira wa plastiki unaruka huko, ukipiga gunia la mchanga gunia linakuangalia tu. Nguvu ya hewa inabidi uigawe kwa tungamo ya kitu (wingi wa maada iliyomo ndani yake) ndo ujue imekipunguzia kasi kiasi gani. Kwa chupa tupu unagawa kwa kidogo jibu linakuwa kubwa, kwa iliyojaa unagawa kwa kikubwa jibu linakuwa karibu na hamna.

Nikupe namba maana maneno hayashibishi. Chupa inageuka geuka inasumbua kuikokotoa, tuchukue mpira wa tenisi ya mezani na mpira wa gofu, vipimo vyake viko kwenye sheria za michezo yenyewe. Wa mezani una kipenyo cha milimita 40 na uzito gramu 2.7, wa gofu kipenyo chake ni kama milimita 43 na uzito karibu gramu 46. Saizi karibu sawa, uzito mara kumi na saba. Nimepiga hesabu nikiwa naichukulia mipira yote kama tufe laini (wa gofu una vidimbwi kwenye ngozi, hivyo hewa inaukwamisha pungufu ya hapo, tuache hilo). Kutoka mita 10, bila hewa yote miwili ingetumia sekunde 1.43. Kukiwa na hewa wa gofu unatumia kama 1.45, wa mezani kama 1.75. Yaani wa gofu unagonga sakafu mwenzake bado yuko mita mbili na nusu juu.

Rudia hesabu hiyohiyo kutoka mita moja, usawa wa meza. Tofauti inatoka kama sekunde 0.01. Nani ataiona hiyo kwa macho? Ndo ticha wako alichokuonyesha. Hajadanganya, ila alichagua urefu ambao hewa haijapata muda wa kujitutumua.

mdadisi_sugu

Aisee kofi na gunia imeniingia kabisa, asante bi mkubwa. Lakini kwa nini hewa ihitaji muda? Hewa ipo muda wote, mita ya kwanza ipo na mita ya kumi ipo.

bi_mahesabu

Ipo, ila inakupinga kadri unavyoikimbilia. Toa mkono dirishani gari likiwa linatembea pole pole husikii kitu, likikolea mwendo mkono unarudishwa nyuma. Na haipandi taratibu, inapanda kwa mraba, kasi ikiwa mara mbili ukinzani unakuwa mara nne, kasi mara tatu ukinzani mara tisa. Kitu kinapoachiwa kasi ni sifuri na ukinzani ni sifuri, kwaiyo pale mwanzoni vyote vinaanguka kama hakuna hewa. Baadaye ndo hesabu inaanza kudai.

shuka_salama

Naongezea hapo. Ukinzani ukipanda hivyo lazima ufike mahali ulingane na uzito wa kitu, hapo kasi inagoma kuongezeka, ndo inaitwa kasi ya ukomo. Watu wakisikia hivyo wanadhani mvutano umeisha, hapana, mvutano uko palepale ila umepata mtu wa saizi yake, unavuta chini na hewa inasukuma juu sawasawa, kwaiyo unaendelea kushuka kwa kasi ileile bila kuongeza wala kupunguza.

Mtu anayeruka toka kwenye ndege akilala kifudifudi na kutanua mikono na miguu anaishia kama kilomita 200 kwa saa, na anaifikia ndani ya sekunde 12 hivi. Akigeuka kichwa chini akabana mikono anapita 250 kirahisi, uzito ni uleule ila amepunguza eneo linalokutana na hewa. Kwaiyo kuruka kutoka kilomita 4 au kutoka kilomita 3 kasi ya kugonga ni ileile tu, muda wa kupiga kelele ndo unaongezeka.

Isipokuwa ukienda juu kabisa ambako hewa ni nyembamba. Mrukaji wa parashuti Felix Baumgartner tarehe 14 Oktoba 2012 aliruka kutoka karibu kilomita 39 na akafika kilomita 1,357 kwa saa, kapita kasi ya sauti akiwa na mwili wake na suti tu. Ninachokipenda kwenye ile safari ni kwamba baada ya hapo alianza KUPUNGUA kasi wakati bado anaanguka, parashuti haijafunguliwa, kwa sababu kadri anavyoshuka hewa inazidi kuwa nzito na kasi ya ukomo inashuka naye. Yaani unaanguka unazidi kwenda polepole.

kamanda_wa_kona

Ok nimekubali kushindwa. Ila nielezeni hili, kwenye video jamaa akifungua parashuti mbona anarushwa juu kama kavutwa na kamba?

shuka_salama

Hajaenda juu hata sentimita moja. Anayemrekodi naye anaanguka karibu na kilomita 200 kwa saa na yeye hajafungua. Mwenzake akifunga breki yeye anaendelea kushuka, kwenye video inaonekana huyu kapaa. Ni kama umekaa kwenye basi linalokimbia ukaliangalia basi la jirani linalopunguza mwendo, unaliona linarudi nyuma.

tone_la_tatu

Nimefuata uzi huu kimya ila nina swali la mvua. Matone yanatoka huko juu kilomita mbili na zaidi, mbona hayatutoboi vichwa? Na kama kila kitu kinaanguka, mawingu ambayo ni maji kabisa mbona hayashuki?

mtu_wa_maabara

Tone la mvua la milimita 2 kasi yake ya ukomo ni kama mita 6.5 kwa sekunde, mtu akikimbia kwa nguvu zake zote anakaribia hapo. Lingeanguka kilomita mbili bila hewa lingekufikia na mita karibu 200 kwa sekunde, hapo mwavuli usingekusaidia kitu. Matone makubwa yanaenda haraka zaidi lakini hayavuki kama mita 9 kwa sekunde, kwa sababu tone likinenepa hewa inalibana kwa chini linakuwa bapa kama mkate, likizidi milimita tano sita linapasuka vipande. Lile tone lenye mkia mnalochora kila siku halipo angani, dogo ni duara na kubwa ni bapa.

Mawingu yanashuka. Ila vile vitone vya kwenye wingu ni vidogo mno, chukua kimoja cha kipenyo cha mikromita 20, yaani sehemu moja ya hamsini ya milimita, kasi yake ya ukomo ni kama sentimita 1.2 kwa sekunde. Hewa ikipanda kidogo tu kwa chini inakibeba.

Na hapa naomba kumkosoa bi_mahesabu kwa heshima. Ule mraba wa kasi sio sheria ya kila mahali. Unafanya kazi kitu kikiwa kikubwa au kiko kasi kiasi, ambapo kinachokuchelewesha ni kuipiga hewa teke ili ikupishe. Kitu kikiwa kidogo sana, au kikiwa ndani ya kimiminika kizito, kinachokuchelewesha ni mnato, kule kung'ang'aniana kwa tabaka za kimiminika, na hapo ukinzani unapanda sawa na kasi bila mraba, kasi mara mbili ukinzani mara mbili basi. Hiyo ni kanuni ya Stokes ya mwaka 1851.

Inabadilisha kila kitu. Tufe la chuma la kipenyo cha milimita 1 ukilidondosha kwenye gliserini safi ya nyuzi 20 linashuka kama milimita 2.5 kwa sekunde. La milimita 2 linashuka kama sentimita 1 kwa sekunde. Kipenyo kimezidi mara mbili kasi imezidi mara nne. Kwenye hewa, tufe kubwa mara mbili la chuma hilohilo kasi yake ya ukomo inaongezeka kama asilimia 40 tu. Ukitaka kuona kwa macho nunua gliserini na gololi ndogo za beringi, tumia chombo kipana maana kikiwa chembamba kuta nazo zinaikwamisha gololi, mimi nilipoteza mchana mzima nikitafuta kosa kumbe ni kuta.

Alafu mwanafizikia Robert Millikan mwanzoni mwa karne iliyopita alivitumia vitone vya mafuta vinavyoanguka hewani, akipima kasi yake anajua ukubwa na uzito wake kwa mtindo huuhuu, alafu akavizuia kwa umeme akapata chaji ya elektroni. Kwa kuangalia kitu kinaanguka polepole.

bi_mahesabu

Nimepokea, nilirahisisha. Ila kwa chupa na mipira mraba unatosha.

kimyakimya

Sasa kuna njia ya kuona huo mraba bila maabara? Chupa za mdadisi zitaisha.

bi_mahesabu

Ipo na inatumia karatasi. Kata duara la kipenyo cha sentimita 20 kwenye karatasi za kawaida za kuchapishia, toa robo kama unakata kipande cha keki, vuta kingo mbili zikutane ubandike, umepata koni. Tengeneza tano zinazofanana. Ukiiachia koni ncha ikiwa chini inatulia haraka sana kwenye kasi yake ya ukomo na inashuka wima haigeuki geuki, hapo ndo inapoishinda chupa. Sasa pachika nne ndani ya nyingine ziwe kitu kimoja: umbo lilelile, eneo lilelile, uzito mara nne. Kama ukinzani unaenda kwa mraba, uzito mara nne unatoa kasi mara mbili. Kwaiyo achia koni moja kutoka mita 2 na zile nne kutoka mita 4 kwa wakati mmoja, zifike pamoja. Kama ingekuwa kasi bila mraba zile nne zingekuwa na kasi mara nne na zingetangulia mbali.

kamanda_wa_kona

Mnavyokata karatasi mi nauliza, mwezini ambako hakuna hewa kuna mtu aliwahi kujaribu kweli au ni nadharia?

shuka_salama

Alijaribu mwanaanga David Scott wa safari ya mwezini ya Apollo 15, tarehe 2 Agosti 1971, mbele ya kamera. Nyundo ya kilo 1.32 mkono mmoja na unyoya wa ndege kozi wa gramu 30 mkono mwingine, akaachia, vikafika pamoja. Video ipo itafute. Inaonekana kama slomo kwa sababu mvutano wa mwezi ni kama sehemu moja ya sita ya huku, kutoka usawa wa kifua inachukua karibu sekunde moja na nusu, ila hakuna aliyemtangulia mwenzake.

mdadisi_sugu

Nimerudi wakuu. Koni tano zimekatwa, moja nilikaa nayo nusu saa maana mkasi wangu ni kipofu. Nikasimama juu kwenye ngazi na zile nne mita 4, mdogo wangu akashika moja mita 2, tukahesabu tukaachia pamoja.

Zimefika KARIBU pamoja. Kwa macho unasema ni pamoja, ila kwenye video zile nne zimechelewa fremu nne hivi (zile picha moja moja za video), simu yangu inarekodi fremu 30 kwa sekunde. Nimerudia mara sita, wakati mwingine fremu tatu wakati mwingine nne, ila ni zilezile nne zinazochelewa kila mara, na mi nilitegemea nzito ndo iwahi! Nimekosea kukata au?

bi_mahesabu

Hujakosea, umepima vizuri kuliko nilivyotegemea. Nilikwambia zinatulia haraka kwenye kasi ya ukomo, lakini haraka sio papo hapo. Koni moja ikitulia kwenye kama mita 1.7 kwa sekunde imeshamaliza kazi, zile nne zinatakiwa zifike mita 3.4 kwa sekunde ndo zitulie, na kuongeza kasi ni kwa mvutano uleule, kwaiyo zinatumia muda mara mbili kufika hapo na muda huo wote ziko chini ya kasi yake kamili. Nikipiga hesabu ucheleweshaji unatoka kama sekunde 0.12, zidisha kwa fremu 30 ni fremu tatu na nusu na kitu. Ndo hizo tatu hizo nne zako.

Na ukitaka kuhakikisha ni hilo na sio mkasi, panda juu zaidi, moja iwe mita 4 na nne ziwe mita 8. Kama ni karatasi mbovu ucheleweshaji utakua na urefu. Kama ni ule mwanzo tu, utabaki fremu tatu nne hizohizo.

mdadisi_sugu

Mita 8 ni ile ghorofa yangu. Kesho upepo ukitulia.